Yapange Mchana: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Wanaume Wanaolala na Wanaume, Homa Bay na Migori

Homa Bay na Migori si mahali pa kubahatisha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018, KENPHIA, uliwakuta na virusi vya Ukimwi asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13 ya wale wa Migori. Kenya nzima ilikuwa asilimia 4.9. Kosa ambalo kwingine mtu angeponyoka nalo mara nyingi, hapa halichelewi kumpata.

Masharti haya ni ya mwanaume anayelala na wanaume, awe na mke au asiwe naye, ajiite shoga, kuchu, au asijiite chochote. Hayamwulizi kwa nini anampenda anayempenda. Yanamdai jambo moja: uamuzi ufanywe mchana, akili ikiwa timamu. Usingoje disco matanga, wala nyuma ya baa ya Isebania, wala chumba cha kukodi Mbita ambamo mmoja wenu ametega sikio mlangoni. Anayeogopa kuonekana hufanya mambo mbiombio, na mwenye haraka hakumbuki kondomu. Yote yaliyo hapa chini yanawezekana kabla jua halijatua.

MAMBO YA KUFANYA

1. Pima kila miezi mitatu.

Usingoje kuugua, wala usingoje kushuku. Chagua siku na uishike kama unavyoishika siku ya kulipa kodi ya nyumba. Ukiona aibu ya foleni, kuna kipimo cha kujipima mwenyewe. Kenya ilikizindua mwaka 2017. Lakini kijue kilivyo. Kikisema una virusi, jibu hilo si la mwisho mpaka lithibitishwe kituoni. Kikisema huna, na wiki jana ulilala na mtu bila kinga, jibu hilo halijui habari za wiki jana. Rudia kupima kwa tarehe utakayopewa na mhudumu.

2. Omba PrEP kwa jina lake.

Hiki ni kidonge cha kumkinga asiye na virusi. Kenya ilianza kukitoa nchi nzima mwaka 2017. Ukikimeza kila siku kinazuia virusi kukita mwilini. Kikibaki kwenye kopo hakimkingi mtu. Kwa mwanaume, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 njia ya pili: vidonge viwili kati ya saa 2 na saa 24 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya vile viwili, na kingine saa 24 baadaye. Tendo likirudiwa siku zinazofuata, endelea na kidonge kimoja kila siku hadi siku mbili zipite tangu tendo la mwisho. Njia hii ni ya anayejua mapema atalala na nani na lini. Kama maisha yako hayana ratiba, meza kila siku. Mwenye homa ya ini aina ya B asiitumie njia hii ya vipindi. Apimwe kwanza na afuate maagizo ya daktari.

Mvuvi anayekwenda Remba au Migingo aondoke na dawa za siku zote atakazokaa huko, na za ziada, kwa maana ziwa halina ratiba. Mwambie mhudumu kazi yako, umwombe dawa za miezi mitatu kwa mkupuo.

Ipo pia sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Katika jaribio la PURPOSE 2, ambalo wengi wa washiriki wake walikuwa wanaume wanaolala na wanaume, waliochomwa walizidi 2,000 na walioambukizwa walikuwa wawili. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Uliza kama imefika kituo chako. Kama haijafika, usikae ukiisubiri mikono mitupu, vidonge vipo.

3. Toka nyumbani na kondomu pamoja na kilainishi cha maji.

Vyote viwili. Njia ya haja kubwa haijitengenezei unyevu, kwa hiyo kondomu bila kilainishi hupasuka na ngozi huchubuka. Kondomu ziwe zaidi ya moja, usizikalie mfukoni wiki nzima, na soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Kumbuka pia kwamba PrEP haizuii kisonono, kaswende wala klamidia. Kazi hiyo ni ya kondomu.

4. Zijue saa 72.

Kondomu imepasuka. Mlilewa na hukumbuki. Umebakwa. Usikae nyumbani ukihesabu siku. Nenda hospitalini uombe PEP, dawa ya kumkinga aliyekwisha kujiweka hatarini. Lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28 bila kuacha. Saa 72 ni mwisho kabisa: ukifika saa ya pili baada ya tukio ni bora kuliko ya sabini. Usiku au Jumapili, nenda kitengo cha dharura cha hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe Homa Bay au Migori. Aliyebakwa ana haki ya matibabu hata kabla hajaamua kama ataripoti polisi, na anaweza kupiga 1195 bila malipo.

5. Ukikutwa na virusi, anza dawa mara moja.

Jambo hili lina historia hapa. Mwaka 2001 Hospitali ya Homa Bay, ikisaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka, ilikuwa miongoni mwa hospitali za kwanza za umma nchini kutoa dawa za ARV bila malipo. Watu walinusurika mahali ambapo majeneza yalikuwa yakiuzwa kila siku. Leo dawa ni kidonge kimoja kwa siku. Ukikimeza sawasawa, virusi hupungua damuni mpaka kipimo hakivioni, na asiyeonekana na virusi kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Si maneno ya kufariji. Utafiti wa PARTNER2, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia wapenzi wa kiume karibu jozi 780, mmoja akiwa na virusi vilivyodhibitiwa na mwingine akiwa hana. Walilala pamoja bila kondomu mara zipatazo 76,000. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake huyo. Basi ulizia kipimo cha wingi wa virusi, ulijue jibu lako, na ulirudie kila unapotakiwa.

6. Mweleze mhudumu mwili wako ulivyotumika.

Ukisema tu “nina homa”, utatibiwa malaria. Kisonono na klamidia hukaa pia kooni na kwenye njia ya haja kubwa, na mara nyingi huko hazionyeshi dalili yoyote. Anayekupima mkojo peke yake hawezi kuzikuta. Huna haja ya kueleza maisha yako yote. Sema: “Nalala na wanaume, naomba uangalie na huku.” Ukiona usaha, damu, kidonda kisichouma au vinyama vinavyoota, nenda wiki hiyohiyo. Kidonda cha kaswende hupotea chenyewe bila dawa, na kupotea kwake si kupona.

7. Chanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B.

Ugonjwa huu huambukizwa kwa ngono na kwa damu, na chanjo yake ipo. Maliza dozi zote. Aliyeanza na kuishia njiani hajachanjwa.

8. Mlinde mke wako.

Wengi wenu mna wake, au wazee wanawasukuma muoe. Sharti hili halikuamuru utoboe siri usiku wa leo. Linakuamuru usimpelekee ugonjwa. Kaa kwenye PrEP, au kama una virusi kaa kwenye ARV mpaka visionekane. Nendeni mkapimwe wote wawili, hasa akiwa mjamzito au ananyonyesha, kwa maana mama akiambukizwa wakati huo, mtoto yuko hatarini zaidi. Ukipata kisonono, mke naye atibiwe, hata kama mazungumzo yatakuwa magumu. Yeye hakuchagua hatari hii na hana habari nayo, kwa hiyo mzigo wa tahadhari ni wako mara mbili.

9. Mchunguze mtu kabla ya kukutana naye.

Mtu uliyempata kwenye simu, onana naye kwanza mchana, mahali penye watu. Mwambie rafiki mmoja unakokwenda na saa utakayorudi. Wapo wanaojifanya wapenzi ili wakunyang’anye simu, wakupige picha, kisha wadai pesa kila mwezi. Usitume picha yenye uso wako. Ukinaswa, usilipe ya kwanza, kwa sababu itaita ya pili. Hifadhi ujumbe wote na utafute msaada wa kisheria. Kudai pesa kwa vitisho ni kosa la jinai, hata kama anayetishwa ana siri.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usidhani kwamba nyuma hakuna virusi.

Kwa miaka mingi mabango yalionyesha mume na mke, na wapo waliotoka hapo wakiamini kwamba ugonjwa uko kwa wanawake. Ni kinyume. Makadirio ya kitaalamu yanayotumika sana yanasema hivi: kwa kila mara 10,000 za kulala na mwenye virusi asiyetumia dawa, bila kinga yoyote, anayepokea nyuma huambukizwa mara 138, na mwanamke anayepokea mbele huambukizwa mara 8. Hiyo ni hatari ya mara 17. Anayeingiza nyuma ana mara 11, kwa hiyo naye hajasalimika kwa kuwa “yeye ndiye dume”. Na wanaobadilishana zamu hubeba hatari za pande zote mbili.

2. Usijifiche nyuma ya tohara.

Utafiti wa Kisumu uliochapishwa mwaka 2007, wenye vijana 2,784, ulionyesha kwamba tohara hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke. Kuanzia mwaka 2008 mpango wa tohara ukaenea Nyanza yote, na ulikuwa mpango mwema. Lakini anayepokea nyuma hakingwi na tohara yake hata kidogo. Ulitahiriwa, hukupewa cheti cha kulala ovyo.

3. Usipake mafuta.

Vaselini, mafuta ya kupikia, losheni ya mtoto, mafuta ya kukamulia ng’ombe: yote hayo huidhoofisha kondomu ya mpira ndani ya dakika chache, nayo hupasuka bila wewe kusikia. Mate hayatoshi, yanakauka. Usipake dawa ya ganzi pia. Maumivu ni taarifa, na anayeyazima hajui kwamba amechanika. Wala usijisafishe kwa sabuni au dawa ya kuulia vijidudu. Huo ni utando mwororo, na ukiuchubua umevifungulia virusi mlango. Maji ya uvuguvugu yanatosha, nayo yasizidi.

4. Usimeze dawa za mtu mwingine.

ARV za mke wako, za ndugu yako, za rafiki mnayeishi naye: usizikope. Yeye atapungukiwa, na wewe utakuwa unameza kitu bila kupimwa. Kama tayari una virusi na hujui, dozi za kuokotaokota zitavifundisha virusi kuishinda dawa. Vilevile usinunue sindano ya kisonono au vidonge viwili vitatu vya antibiotiki kwenye duka la dawa la pale sokoni. Kisonono kimekwisha kuzishinda dawa kadhaa, na dozi nusu huongeza ukaidi wake.

5. Usilewe kwanza ndipo uamue.

Chang’aa haina ubaguzi: huondoa aibu, na kumbukumbu ya kondomu huenda nayo. Kama unajua usiku huo utakunywa, meza PrEP mapema, weka kondomu mfukoni, na mchague mtu mmoja kundini ambaye hatakunywa. Mtu aliyelewa chakari hawezi kukubali. Ukimwingilia, umembaka, awe alikuja mwenyewe au aliletwa.

6. Usiuze kondomu yako.

Kule ufukweni watu wanaijua jaboya, biashara ya samaki kwa mwili. Kwa wanaume ipo ya namna yake: dereva wa lori, mchimba dhahabu wa Macalder aliyepata siku hiyo, mtu mzima mwenye gari. Anakutajia bei, kisha anaiongeza ili mfanye kavu-kavu. Anayeongeza pesa ili usijikinge, jiulize ameshawaongezea wangapi. Panga bei na kondomu kabla ya kuingia chumbani, na uwe na nauli ya kurudi mfukoni mwako mwenyewe, maana asiye na nauli hana sauti. Na kama si biashara bali ni mapenzi, na unaona haya kumwudhi ukitaja kondomu, mchelea mwana kulia hulia yeye.

7. Usimguse aliye chini ya miaka 18.

Hapa hakuna maelezo wala nafasi ya majadiliano. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haisikilizi “alisema ni mkubwa” kutoka kwa mtu ambaye hakuuliza. Ukiwa na shaka, ondoka. Ukimwona rafiki yako akiwatafuta wanafunzi, mkataze, na asiposikia, mripoti.

8. Usiache dawa kwa sababu kituo chako kimefungwa.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake. Vituo rafiki vilivyowahudumia wanaume kama wewe vikafungwa au vikapunguza kazi, na mwongozo uliotolewa mwezi wa Februari uliruhusu fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, zigharimie PrEP kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee. Ni dhuluma, na una haki ya kuilalamikia. Lakini virusi havikusimamishwa. Hospitali ya serikali ipo, dawa inayotolewa humo ni ileile, na huhitaji kujitambulisha kwa kundi lolote ili upewe. Sema uko katika hatari ya kuambukizwa na unaomba PrEP. Ukikataliwa dirisha hili, mwombe msimamizi wa kliniki; ukikataliwa hapo, nenda Rongo, nenda Oyugis, nenda Mbita. Mtafute mwelimishaji rika wako wa zamani. Kituo kimefungwa, lakini bado anajua ni muuguzi yupi anayehudumia bila kusengenya.

9. Usiifanye sheria kuwa kisingizio.

Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado vipo. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Jua hivyo na ujihadhari. Lakini hakuna kifungu kinachoharamisha kupima, kumeza PrEP, kubeba kilainishi wala kutibiwa kisonono. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu Ukimwi inakataza kupimwa bila ridhaa na kutangazwa kwa majibu ya mtu. Na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani, ikikaa Mombasa, iliamua kwamba kuwalazimisha watu uchunguzi wa njia ya haja kubwa ili kutafuta ushahidi ni kinyume cha Katiba. Wafiche wambea, si daktari.

10. Usimtangaze mwenzako.

Mligombana, mmeachana, umesikia ana virusi. Funga mdomo. Ukilitaja jina lake kwenye kikundi cha simu, umemfukuza kwenye nyumba ya kupanga, kwenye kazi, na kwenye kliniki. Akiacha dawa kwa kuogopa kuonekana, virusi vyake vitapanda, na mtandao wa watu wenu si mkubwa kiasi hicho. Vitarudi kwako au kwa unayempenda.

KWA WAHUDUMU WA AFYA

Usimwite mwenzako aje kumtazama mgonjwa. Usimwulize kama ameokoka. Usimdai amlete mwenzi wake kabla ya kumtibu. Usipaze sauti unapoita dawa yake. Mfanyie uchunguzi unaohitajika, mpe dawa, mpe tarehe ya kurudi. Mwanaume mmoja aliyefukuzwa kwa maneno huwaonya wengine kumi wasije, na kesho mkunga wa kliniki ya wajawazito atampokea mke wa mmoja wao.

KABLA YA JUMAMOSI

Hakikisha una haya: tarehe yako ya mwisho ya kupima (isiwe zaidi ya miezi mitatu iliyopita), PrEP au ARV za kutosha mwezi mzima, kondomu zaidi ya moja na kilainishi cha maji, nauli ya kurudi, jina la rafiki anayejua uliko, na njia ya kufika kitengo cha dharura usiku. Ukikosa hata kimoja, hujawa tayari, na jibu lako kwa anayekuita ni “si leo”. Kliniki hufunguliwa saa mbili asubuhi. Nenda kesho.